Nyumba Aliyoachiwa Papa Nadine

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo ya kupimia majani, ubao wa kuandikia, na viatu vya mpira vilivyonizidi miguu kwa namba mbili. Ilikuwa Louisville, upande wa kusini karibu na Okolona, asubuhi ya mwezi wa tano, na majani ya Kentucky mwezi wa tano hayana adabu: ukilala yako chini, ukiamka yamefika magotini. Meneja wa Jumuiya, bwana mmoja mrefu mwenye sauti ndogo, alinionyesha mtaa wa nyumba sitini zinazofanana kama mapacha, akasema, "Kazi yako ni kutembea na kuona. Usiguse kitu, usigombane na mtu. Ona, andika, songa mbele." Nikajiuliza moyoni ni nchi gani hii inayomlipa mtu mshahara kwa kuchungulia nyua za wenzake, jambo ambalo kwetu Fizi, Kivu Kusini, wanawake hulifanya bure.

Kabla ya hapo nilikuwa nafunga maboksi ghalani kwa miaka mitatu, mpaka mgongo ukagoma. Kiswahili nilikisomea kambini Kigoma, Kiingereza nilikiokota ghalani, na kampuni ya usimamizi wa makazi ilikuwa inatafuta mtu anayejua lugha zaidi ya moja. Basi nikawa mkaguzi. Watu wa kanisani waliposikia wakanibandika jina, Mama Sheria, ingawa wenye heshima waliendelea kuniita Mama Furaha kwa jina la mwanangu wa kwanza.

Vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta kila kitu kwenye simu, kwa hiyo niwaeleze tulivyofundishwa sisi. Mtu akinunua nyumba katika mtaa wa namna ile, anakuwa mwanachama wa jumuiya ya wenye nyumba, atake asitake. Wamarekani huiita kwa herufi tatu tu, HOA. Jumuiya ina kitabu cha kanuni, na ina bodi ya watu watano waliochaguliwa na majirani zao. Bodi huajiri kampuni kama yetu ifanye kazi za kila siku: kukagua, kuandika notisi, kuandaa vikao. Kanuni zinagusa kila kitu, kuanzia urefu wa majani mpaka rangi ya mlango na siku ya kutoa pipa la taka.

Watu wengi wanazichukia kanuni hizo. Mimi nilizipenda, na nasema bila aibu. Kambini kanuni ilikuwa inatangazwa kwa kipaza sauti asubuhi na kubadilishwa jioni, na hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Hapa nilikuta kanuni imeandikwa, ina namba, na inakaa pale pale ilipowekwa jana. Mwezi wangu wa pili nilimwona Meneja akimwandikia notisi Rais wa Bodi mwenyewe, aliyempa kazi, kwa sababu taa zake za Krismasi zilikuwa bado zinaning'inia mwezi wa sita. Rais alizishusha siku hiyo hiyo, akaja na kuomba radhi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu, hakuniamini.

Lakini kanuni iliyonifundisha kazi ni ile ya kupangisha, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu kwa kanuni hiyo nusura mzee mmoja wa kwetu apoteze raha ya nyumba yake, na familia moja ya kwetu itupwe nje. Mkono mmoja uliokaribia kuwasukuma ulikuwa wangu.

Kwanza mjue kwa nini ipo. Louisville niliona mtaa ambao kampuni za mbali zilinunua nyumba moja moja, zikazipangisha, zikazisahau. Mfereji wa paa ukianguka, mpangaji anasema si wake, na mwenye nyumba anaishi mji ambao hata hajui kama Louisville kuna mvua. Mabenki nayo yakiona wapangaji wamezidi mtaani yanasita kukopesha wanunuzi. Ndiyo maana jumuiya nyingi huweka kikomo: nyumba za kupangisha zisizidi idadi fulani. Kikomo kikijaa, mwenye nyumba anaandikwa kwenye orodha ya kusubiri, na anangoja kama anayengoja meza hotelini, ila huku kungoja ni kwa miaka. Meneja wangu alikuwa akisema ukiona mtaa umenyooka, ujue kuna mtu aliyesoma kitabu. Sisi tungesema vyaelea vimeundwa.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa Buffalo. Niliishi Lower West Side, ambako asubuhi moja unasikia Kiswahili, Kiarabu, Kihispania na Kiburma kabla hujafika kituo cha basi, na theluji inawanyamazisha wote sawasawa. Huko nilikabidhiwa jengo la ghorofa ambalo kila nyumba ina mwenyewe. Bosi wangu alikuwa Mama Meneja, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Sijafanya kazi na mtu aliyeheshimu karatasi kama yeye. Wenzake walikuwa wanamcheka kwamba hata chupa ya dawa ya kikohozi anaisoma mpaka jina la kiwanda.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba katika kazi yetu neno lenye nguvu si "marufuku," ni maelezo ya mwanzo wa kifungu, pale kanuni inaposema kupangisha ni nini hasa. Kuna mwenye nyumba mmoja aliyekuwa anaingiza watu wenye masanduku kila Ijumaa na kuwatoa Jumapili, na kila akiulizwa anasema hao ni marafiki. Mama Meneja hakubishana naye. Alimfungulia ukurasa wa maelezo hayo, akamwekea kidole. Mtu yule alipotoka, Mama Meneja akaniambia, "Espérance, watu husoma kanuni mpaka wanapoona wamekatazwa, halafu wanafunga kitabu kwa hasira. Wewe soma mpaka mwisho. Mara nyingi mlango uko ukurasa wa nyuma." Espérance ni mimi.

Alipopandishwa na kupelekwa Columbus aliniomba nimfuate. Sikusita. Tukapewa jumuiya ya nyumba tisini Reynoldsburg, pembeni ya mji huo, mtaa mzuri wenye miti michanga na bwawa la bata. Kikomo chake kilikuwa nyumba tisa za kupangisha. Rais wa Bodi alikuwa fundi wa reli mstaafu, mtu wa maneno machache, magoti yake yakilia kila akiinuka. Alimkaribisha Mama Meneja kwa kumpa kitabu cha kanuni alichokipigia mistari kwa rula. Nilijua hapo hapo kwamba hawa wawili watapatana.

Sasa nifike kwenye nyumba yenyewe. Ilikuwa ya Mzee Bizimana, mtu wa nyanda za juu za Kivu Kusini, aliyefanya kazi kiwandani yeye na wanawe mpaka wakaweza kununua. Aliishi humo na mkewe kwa miaka mitano bila notisi hata moja, na nawaambieni hiyo ni sifa. Kisha mkewe akapata ugonjwa wa figo. Binti yao mkubwa alikuwa Buffalo akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, akasema, mama aje kwangu nimwangalie. Mzee akamfuata mkewe. Nyumba akaiacha mikononi mwa Papa Nadine, yaani baba yake Nadine, mtu wa kanisa lake, aliyekuwa amefika Marekani miezi michache tu na mkewe na watoto watano.

Mimi nilitumwa pale kwa sababu ya magari. Jirani alilalamika kwamba kuna gari tatu zimepanda juu ya majani. Nikabisha hodi na ubao wangu, mlango ukafunguliwa na Mama Nadine, akanitazama usoni kidogo tu, akajua.

"Kumbe uko mutu wa kwetu! Ingia, Mama, ingia kwanza. Mambo ya kazi tutasema kisha."

Mkaguzi haingii ndani. Mimi niliingia. Nikapewa chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, na Papa Nadine akatoka chumbani akifunga vifungo vya shati, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Bon, Mama, ile magari iko ya bandugu ba kanisa, banatutembelea. Tutaitosha ku majani sasa hivi. Pardon."

"Hakuna shida, Papa. Na hii nyumba, mnapanga kwa Mzee Bizimana?"

Alishtuka kama nimemtukana mama yake.

"Kupanga? Hapana, Mama! Muzee alituachia. Alisema, kaa humu na batoto, unichungie nyumba mpaka siku Mungu ataponesha mama. Mutu anakuachia mali yake, unamulipa loyer, feza ya kupanga? Iyo ni kumuzarau."

Mimi ni Mbembe, kabila la watu wa ziwani, lakini nilimwelewa. Watu wa nyanda za juu ni wafugaji, na kwao mtu akisafiri humwachia rafiki ng'ombe wake amchunge. Ng'ombe habadiliki kuwa wa rafiki, wala rafiki hamkodi. Anakunywa maziwa, na kwa maziwa hayo anamlisha, anamtibu, anamtetea. Siku mwenyewe akirudi, aibu kubwa kuliko zote ni kukutwa ulikunywa tu na hukufanya kitu. Ndivyo Mzee Bizimana alivyoiacha nyumba yake, na ndivyo Papa Nadine alivyoipokea. Hakuna kati yao aliyewaza kwamba kuna bodi ya kuuliza.

Nilipokuwa naaga nilipita kwenye gereji, nikaona tangi jipya la maji moto linang'aa. Nyuma ya nyumba uzio ulikuwa umesimamishwa upya na kupakwa rangi, rangi ile ile inayoruhusiwa, nikasema moyoni hawa watu wana mkono. Lakini hapo hapo kifungu cha kumi na nne kikaniingia kichwani. Kanuni ya mtaa ule ilisema mtunzaji asiyempa mwenye nyumba chochote anaweza kukaa miezi sita, na wao walikuwa wamekwisha kukaa mitano. Sisi tuna msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumuiya ile ilikuwa na subira kutuzidi. Ila mtu akikaa na kumpa mwenye nyumba kitu chenye thamani, iwe fedha, kazi au bidhaa, basi huko ni kupangisha. Na kupangisha bila ruhusa, adhabu yake ni nyumba kuhamwa ndani ya siku thelathini.

Nikafanya kosa langu. Niliandika magari, sikuandika tangi wala uzio. Na kabla sijaondoka nikamwambia Papa Nadine, "Bodi itawaita, kwa sababu jina lenu si la mwenye nyumba. Mkiulizwa mnampa nini Mzee, semeni hatumpi kitu. Basi, msiongeze neno." Akaitikia, "Sawa, Mama," kwa namna ambayo leo najua haikuwa sawa.

Notisi ikaenda Buffalo kwa Mzee, kikao kikapangwa. Kanisani habari zikanitangulia. Wengine walisema Mama Sheria ameuza ndugu zake, na mama mmoja akahama benchi nilipoketi. Iliniuma, sitaficha. Nilijipa moyo kwamba mpango wangu ungewapa mwezi mmoja wa kupumua, na baada ya mwezi tungeona.

Kikao kilikuwa saa kumi na mbili jioni katika ukumbi wa jumuiya. Bodi wote watano walikuwapo, Mama Meneja pembeni yao na kitabu chake, Mzee Bizimana kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza kutoka Buffalo, na mimi nimepewa kazi ya kutafsiri. Papa Nadine alikuja na suti ya kahawia na mkewe na kitenge kipya, kana kwamba wamealikwa harusini.

Rais wa Bodi aliuliza swali moja tu. "Mnampa nini mwenye nyumba?"

Nikalitafsiri, nikamkazia macho Papa Nadine. Akasimama, akawatazama wajumbe mmoja mmoja.

"Bazee na bamama, mi natoka kwa bachungaji ba ngombe. Kitu ya mutu siwezi kuikalia bule kama kupe. Mwezi ya kwanza chauffe-eau ya maji ya moto ilikufa, nilinunua mupya. Lupango ya nyuma ilianguka, mi na batoto tuliisimamisha, tukapakaa rangi. Kila mwezi natuma Buffalo unga ya muhogo na karanga. Na bibi yangu huyu anaendaka kule kusaidia kuogesha mama mugonjwa, juu binti yake anachoka. Donc, Muzee hakukosea kutuachia nyumba yake. Ile njo kitu nilitaka mujue."

Aliketi akiwa ameridhika kabisa. Mimi nilitafsiri habari ya kwamba anatoka kwa wafugaji, nikanyamaza. Ukumbini hapakuwa na Mmarekani hata mmoja aliyejua Kiswahili. Ningeweza kusema, anashukuru sana, hampi Mzee kitu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Mama Furaha," akaniita Papa Nadine kwa upole, "umebaambia ya chauffe-eau? Naona ilikuwa mufupi. Baambie na ya lupango."

Mama Meneja hakujua Kiswahili, lakini alikuwa ameusoma uso wangu kwa miaka. Akasema kwa sauti ya chini, "Sema alichosema. Chote."

Nikasema chote. Tangi, uzio, unga, karanga, kumwogesha mgonjwa. Kila nilipotaja kitu niliona kalamu ya Rais inatembea, na kila ilipotembea Papa Nadine alitabasamu zaidi, akidhani anaandikiwa sifa.

Rais aliweka kalamu chini. "Vifaa, kazi, chakula, huduma. Kwa kifungu cha kumi na nne hii ni nyumba ya kupangisha, na haina ruhusa. Siku thelathini."

Nilipotafsiri hilo, Mama Nadine alishika mkono wa mumewe. Papa Nadine hakuinua sauti. Aliniuliza tu, "Mama, nimekosa wapi?" Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, hilo ndilo bado linaniamsha.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na jioni ile msumeno ulikuwa mikononi mwa mtu aliyejua kuugeuza. Mama Meneja alivaa miwani yake. "Kikao hakijaisha," alisema. "Kifungu cha kumi na nne kina kurasa mbili."

Akasoma taratibu, bila kupamba. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mwenye nyumba ambaye nyumba yake imepangishwa, na ambaye amepatwa na ugonjwa katika familia, anaweza kuomba ruhusa ya shida ya mwaka mmoja, inayoweza kusogezwa, mradi aiombe mwenyewe, mradi kuwe na mkataba wa maandishi, na mradi kikomo cha nyumba tisa kisivukwe.

"Nyumba moja ilirudi kwa mwenyewe mwezi uliopita," akaendelea. "Kwa hiyo nafasi moja ipo. Lakini ina mtu wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri." Akainua macho. "Ni Rais wa Bodi. Amengoja miaka minne."

Wengine tulikuwa hatujui. Alitaka kuipangisha nyumba yake ahamie kusini kwa kaka yake, kwenye joto, kwa ajili ya yale magoti. Angeweza kuketi kimya, na hakuna ambaye angemlaumu, maana nafasi ilikuwa yake kwa haki.

Kwanza simu ikazungumza. Sauti ya Mzee Bizimana ilikuwa imechoka.

"Bakubwa, mi njo nilikosa. Sikuuliza. Nilizani nyumba yangu naachia mutu nayopenda. Bibi yangu iko ku mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa juma. Naomba munipatie mwaka moja. Musifukuze watu yangu."

Hilo nililitafsiri moja kwa moja bila kusimama.

Rais wa Bodi alisema kwamba kanuni haimruhusu kupiga kura juu ya jambo linalomgusa, kwa hiyo hatapiga. Kisha akamgeukia Mama Meneja. "Nikiandika kwamba ninampisha, nabaki wa kwanza?"

"Hapana," akajibu Mama Meneja. "Unakwenda mwisho wa orodha. Kuna watu saba."

Mimi ningemlainishia. Yeye hakumlainishia hata kidogo, na nadhani Rais alimheshimu kwa hilo. Akavuta karatasi, akaandika mstari mmoja, akatia sahihi, akampelekea Mama Meneja. Magoti yalilia. Halafu akasimama mbele ya Papa Nadine.

"Bwana, watu huja katika chumba hiki kunieleza ambayo hawakufanya. Wewe umekuja kunieleza uliyofanya." Akanigeukia. "Mwambie hivyo hivyo, neno kwa neno."

Nikamwambia. Wajumbe wanne waliobaki wakapiga kura, wote wakakubali. Mkataba uliandikwa wiki ile ile, na mahali pa malipo ya mwezi wakaandika kile kile alichokisema Papa Nadine: matunzo ya nyumba. Mama Meneja alihakikisha neno uzio limo.

Kesho yake aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Ulipokwenda kuhusu magari, uliliona lile tangi?"

"Niliona."

"Kwa nini halimo kwenye ripoti?"

"Nilitaka kuwasaidia."

"Mtu akisema hapangishi, hawezi kuomba ruhusa ya kupangisha. Ungewafungia mlango mmoja tu uliokuwa wazi, na mwezi uliofuata ningewaandikia notisi ya kuhama kwa mkono wangu." Akanipa fomu mpya. "Iandike upya. Yote uliyoona."

Angeweza kunifukuza, na kwa haki. Niliandika nikiwa nimeketi mbele yake, naye akanisubiri akinywa kahawa yake. Sikuwahi tena kuacha kitu nje ya ripoti. Tangu siku ile nilimpenda mwanamke yule kwa heshima ambayo sina jina lake.

Ruhusa ilisogezwa mwaka wa pili, kisha wa tatu. Mama aliyehama benchi alirudi kuketi karibu yangu, akisingizia kwamba kule mbele kuna baridi. Umri wangu wa kustaafu nao ukafika. Sasa nimerudi Louisville kwa Furaha, nalea wajukuu wanaonijibu Kiingereza, na magoti yangu mwenyewe yameanza kulia. Vijana wa kampuni hunipigia simu kuniuliza namna ya kushughulika na watu wa kwetu. Huwaambia waulize, wasikilize mpaka mtu amalize, na wasimsaidie mtu kusema uongo hata kama ni uongo mdogo wa huruma. Huwaambia pia waingie ndani wakikaribishwa chai, ingawa mwongozo wa kampuni unakataza. Katika hilo mimi na kampuni hatukuwahi kuelewana.

Ilibaki mwezi mmoja nistaafu mkewe Mzee Bizimana alipofariki Buffalo. Tulikwenda kumzika, basi zima la watu kutoka Columbus. Baada ya matanga Mzee akarudi Reynoldsburg peke yake. Na shida ikiisha, ruhusa ya shida nayo inaisha: wapangaji hupewa barua ya siku sitini. Barua ingeweza kwenda kwa posta, lakini niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilikuta mlango uko wazi. Mabegi ya Papa Nadine yalikuwa yamepangwa sebuleni, yamefungwa kwa kamba, na nyumba imefagiliwa mpaka pembeni. Hawakuwa wamengoja barua ya mtu. Mzee alikuwa ameketi jikoni na koti lake bado mwilini, na Papa Nadine amesimama mbele yake na ufunguo mkononi.

"Muzee, tembelea bachambre yote ya nyumba, uone kama kuna kitu inapunguka."

Mzee hakuinuka. "Munaenda wapi na batoto?"

"Tulipata apartement, si mbali. Muzee umerudi ku nyumba yako, tutakaa humu sasa juu ya nini?"

Mzee akasema, polepole, "Nyumba uliichunga. Na mi, nani atanichunga?"

Mama Nadine alikwenda kwenye begi la kwanza, akapiga magoti, akaanza kufungua kamba. Mimi nililia pale pale mlangoni na ubao wangu kifuani, mtu mzima na nywele nyeupe.

Nilipofuta machozi niliwaeleza kwamba mwenye nyumba akiwa anaishi nyumbani kwake, wanaoishi naye si wapangaji. Hawahitaji ruhusa, hawahitaji mkataba. Barua ya siku sitini nikaikunja.

Nilirudi ofisini kuitoa nyumba ile kwenye orodha ya nyumba za kupangisha. Fomu ina nafasi ndogo ya kuandika sababu. Nikaandika: Mwenye nyumba amerudi kwa watu wake. Mama Meneja aliichukua, akavaa miwani, akaisoma kama anavyosoma kila kitu.

"'Mwenye nyumba amerudi' inatosha," alisema, akashika kalamu kufuta mengine.

Kalamu ikabaki hewani. Akaisoma tena mpaka mwisho, akaiweka chini.

"Hapana," alisema. "Acha yote."